Sahani Ndogo za Kiponda

Meza za hoteli ya Emerson Spice hazionekani na mpita njia. Mtaa wa Tharia umejibanza katika vichochoro vya Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, na hata ukishaupata mlango, bado kuna ngazi za kupanda hadi kwenye paa. Mwanzilishi wa hoteli hiyo, Emerson Skeen, Mmarekani aliyehamia kisiwani akayapenda majumba yake ya kale, alifariki mwaka 2014. Wachumba na maharusi bado wanapanda huko kabla ya jua kuzama, kisha huletewa vionjo, sahani baada ya sahani.

Ninachokisifu mimi ni mkono wa mpishi. Sisi watu wa pwani humkirimu mgeni kwa sinia lililojaa: pilau, nyama, kachumbari, vyote kwa pamoja, naye ajichagulie. Mpishi wa vionjo huchagua kwa niaba ya mlaji. Chenye ukwaju na ndimu hutangulia, kwani uchachu huamsha hamu. Kikitangulia kilichopikwa kwa tui zito, ulimi hupakwa mafuta ya nazi, na samaki anayefuata, hata awe wa asubuhi ile, hupotea mdomoni.

Na tui lenyewe ni mtihani. Pweza huchemshwa kwa tui jepesi mpaka alainike. Tui zito hungoja mwisho, moto ukiwa mdogo na mwiko haupumziki, maana likiachwa lichemke litakatika. Kwenye sufuria la shughuli, tui lililokatika husamehewa; wali hulificha. Kwenye vijiko viwili vya mchuzi, mbele ya watu wawili waliongoja siku hii kwa muda mrefu, halina pa kujificha. Hiliki nayo ikizidi kidogo tu, sahani nzima inanuka hiliki. Kwa hiyo nashikilia kwamba kupika kidogo ni kugumu kuliko kupika kingi.

Tena kuna saa. Wapenzi hawali kwa mwendo wa jikoni: wanashikana mikono, wanasahau chakula, pengine mmoja anatoa pete. Mhudumu hodari huliona hilo akarudi bila kuwakatiza, na mpishi, ambaye samaki wake tayari yuko motoni, hulazimika kumwepua na kuanza na mwingine. Watu wa kazi hii ningependa majina yao yaandikwe kwenye menyu, juu ya jina la samaki.