Mwombaji wa Karanga

Sisi watu wa Moshi gereza la Karanga tunalijua kwa viatu. Nami nilikuwa nikipita pale nikiwaza ngozi na soli tu, mpaka niliposoma hukumu ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu katika shauri namba 005 la 2013, iliyotolewa tarehe 20 Novemba 2015. Mimi si wakili. Nimeisoma kama ninavyosoma simulizi yoyote ya kweli, na mwisho wake umenikera.

Mhusika mkuu anaitwa Mwombaji. Mahakama ya Wilaya ya Rombo ilimtia hatiani kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, akapewa miaka 30. Alipougua, kesi iliendelea bila yeye, na utetezi wake haukusikilizwa. Wakili hakupewa. Alikata rufaa Mahakama Kuu, Moshi, kisha Mahakama ya Rufani, iliyomjibu mwaka 2009. Kesi ilikuwa ya 1996!

Katika kueleza ucheleweshaji huo hukumu ina nguvu, maana haipandishi sauti. Inapanga tarehe tu. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba yetu inampa mtu haki ya kusikilizwa na ya kukata rufaa. Lakini rufaa ni karatasi. Mfungwa asiye na nakala ya mwenendo wa kesi anapigana gizani. Na hata akiipata, mashahidi walisema kwa Kiswahili, hakimu akaandika kwa Kiingereza. Sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama imekuja 2021.

Halafu majaji wanajikwaa. Wanakiri haki zilivunjwa, ila wanakataa kuamuru aachiwe, eti hilo ni la mazingira ya kipekee. Wanaiagiza serikali irekebishe makosa, lakini isifungue upya utetezi wala kesi. Ifanye nini basi? Serikali yenyewe ilirudi kuomba ufafanuzi, ikajibiwa 2017, na kwa hilo siilaumu. Majaji wawili, Elsie Thompson na Rafâa Ben Achour, waliandika maoni yao tofauti kuhusu kuachiwa kwake. Ningekuwa mhariri, ningeanza na hayo.

Karanga hadi Arusha, ilipo mahakama hiyo, ni kama kilomita 80. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililomruhusu mtu binafsi kufungua shauri pale moja kwa moja. Mwaka mmoja baadaye mlango ukafungwa.