Détourner: neno linaloficha mwizi

Kuna kitenzi kimoja kinanisumbua: détourner. Kwa Kifaransa kinatoka kwa tourner, kugeuza. Ile dé- ya mbele inaonyesha kutoa kitu katika njia yake. Mto unaweza kugeuzwa hivyo, hata ndege inapotekwa. Lakini kwetu Kongo, kitenzi hicho kinatembea zaidi na makuta ya serikali.

Kijana akiiba simu sokoni, tunasema "mwizi". Mukubwa akikula mishahara ya walimu, tunasema "alideturne". Ni kama vile feza ilikata kona yenyewe! Na sheria haina huruma hiyo: Code pénal yetu inatoa mpaka miaka 5 kwa wizi usio na nguvu, lakini kifungu 145 kinafika miaka 20 kwa détournement. Sheria inaona uzito. Midomo yetu njo inaupunguza.

Kiswahili kinatupatia neno lingine: kuibia. Ile -ia ya mwisho inadai jina la aliyeumizwa. Alideturne nini? Feza. Aliibia nani? Walimu. Basi tuandike hivyo, hata katika mémoire zetu.