Ikibali Aliona Kwanza

Katika Adili na Nduguze, riwaya iliyotoka mwaka 1952, Shaaban Robert anampa Ikibali kazi ya kawaida ya serikali: kwenda Janibu kudai kodi ya Mfalme Rai. Usiku, akiwa mgeni wa Adili, mtawala wa Janibu, anamwona kwa kificho mwenyeji wake akiwachapa manyani wawili, kisha akiwalilia na kuwalisha.

Nguvu ya riwaya imo katika mpangilio huo. Kiboko tunakiona kwanza, kwa nafsi ya tatu. Utetezi wa Adili, kwa nafsi ya kwanza, unakuja baadaye mbele ya mfalme. Hapo ndipo tunapojua kuwa manyani wale ni nduguze, Hasidi na Mwivu, na kwamba jini Huria ndiye aliyeamuru wachapwe. Kisa kingeanza na usaliti waliomfanyia ndugu yao, tungesema wamestahili. Mwandishi ameuchelewesha, na huruma yetu imekwisha kuwaendea wanyama wakiwa wanyama tu.

Katika kisa cha Alfu Lela U Lela kilicho chimbuko la riwaya hii, ndugu hao hugeuzwa mbwa. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga, aliwajua wasomaji wake. Mtu wa pwani aliyelelewa katika madhehebu ya Shafi, akisoma kuwa mbwa amekumbatiwa, huwaza kwanza najisi na kuosha mara saba. Nyani anaipisha huruma. Ni ufundi mkubwa, ila mbwa ameukosa ukurasa wake.

Naye leo anauhitaji. Mbwa wa ulinzi wanazalishwa na kuuzwa, na hapa Tanzania tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Lakini kibali cha kuzalisha mbwa kikitolewa kwa maelezo ya mwombaji peke yake, tunasoma sura ya Adili na kuiruka ya Ikibali. Adili hakuwa mwongo wala katili wa tabia. Hata hivyo kiboko kilishuka kila usiku. Ofisa mifugo aingie bandani kwanza: aone kama jike anayenyonyesha ana maji na kivuli, kama amepumzishwa kati ya mimba na mimba, kama chanjo ya kichaa imechomwa. Ndipo amsikilize mwenye banda.

Rai alisikiliza hadi mwisho, akaielewa sababu, na bado akaamuru kiboko kikome. Anayetoa kibali awe na uwezo huo huo wa kukizuia, hata mbele ya mfugaji mwenye maelezo mazuri.