Picha za Ukumbusho na Maelezo ya Mdomo: Kumsoma Tshibumba Kanda Matulu kutokea Dzaleka

Makala haya yanamchunguza Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyezaliwa Élisabethville (leo Lubumbashi) mwaka 1947, kwa kuzingatia hali ya wachoraji wa Dzaleka, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa, kaskazini mwa Lilongwe, ambamo wakimbizi wengi ni Wakongo.

Tshibumba alichora juu ya vitambaa vya mifuko ya unga, picha za kutundikwa sebuleni. Watu wa Shaba waliziita ukumbusho. Katika miaka ya 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia ya Zaire, huku akiieleza kwa Kiswahili cha Shaba. Alijiita mwanahistoria, nasi hatuna budi kumhakiki kwa kigezo hicho. Kama mchoraji wa sura ana udhaifu: nyuso zake hufanana, na Lumumba humtambua kwa miwani na ndevu kuliko kwa uso. Lakini tazama picha ya kifo cha Lumumba, Mpolo na Okito. Nyuma yao imesimama misalaba mitatu. Hakuna shahidi aliyeiona Januari 17, 1961. Anayeiita kosa hajaelewa kwamba misalaba ile ni hoja, wala si pambo: mchoraji anadai kwamba kifo hiki kilikuwa kafara.

Maandishi yaliyo juu ya picha zake ni ya Kifaransa, tena mafupi. Hoja yenyewe ilisemwa kwa Kiswahili, na imesalia kwa sababu tu Fabian alirekodi mazungumzo yao. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tshibumba hajulikani aliko.

Hapa ndipo sera inapohusika. Malawi iliridhia Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 ikijitenga na vifungu vya ajira na uhuru wa kutembea. Mchoraji wa kambini hawezi kuitegemea Lilongwe kama soko lake; Tamasha la Tumaini, lililoanza mwaka 2014, huwaleta wageni kambini kwa siku chache tu. Mteja anayebaki ni shirika, nalo huagiza ukuta wenye ujumbe uliokwisha kuandikwa. Hiyo ni kazi halali, ila si ukumbusho. Tunapendekeza mikataba ya michoro ya ukutani itenge malipo ya kurekodi maelezo ya mchoraji kwa Kiswahili chake, na imwachie sehemu ya ukuta achore atakacho, hata kama mfadhili hatakipenda.