Njia Sita na Lango Moja: Jiografia ya Barabara katika Kusadikika, Isomwapo kutoka Mvara

Utangulizi

Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert iliyochapishwa mwaka 1951, ni kitabu cha safari ambacho barabara zake haziwezi kuchorwa. Wajumbe sita wanatumwa pande sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Taabu za njiani zinatajwa, na baadhi yake ni za kutisha. Hata hivyo, msomaji akishafunga kitabu na kutakiwa aoneshe mahali ambapo njia ya kaskazini inapinda, au umbali uliopo kati ya kituo kimoja na kingine, hatakuwa na la kusema. Nchi yenyewe inaelea angani. Njia zake zinaanzia pamoja, zinatawanyika, kisha zote zinaishia mahali pamoja, yaani kwenye lango la gereza.

Uhakiki mwingi wa riwaya hii umeshughulikia gereza hilo na kuziacha njia. Kusadikika imesomwa kama istiara ya utawala wa kikoloni, Majivuno akiwa sura ya dola isiyotaka kuulizwa, na Karama akiwa sura ya raia anayedai sheria. Usomaji huo una mashiko, wala makala haya hayakusudii kuupinga. Yanachodai ni kwamba umeruka hatua moja. Kabla ya kuwa istiara ya utawala, Kusadikika ni maelezo ya namna dola inavyoitazama barabara, na jambo hilo linaonekana wazi zaidi kitabu kinaposomwa mahali ambapo barabara ndiyo historia yenyewe. Mahali palipochaguliwa hapa ni Mvara, mjini Arua, na njia inayotoka huko kwenda Koboko hadi mpakani Oraba.

Pepo nne na msomaji wa bara

Mipaka ya Kusadikika imepewa majina ya pepo: Matlai, Kaskazi, Kusi na Umande. Kwa msomaji wa Tanga au Lamu, majina haya yanabeba kalenda nzima. Kaskazi ni miezi ya majahazi kuingia kutoka Arabuni, na Kusi ni miezi ya kurejea huko. Kwa hiyo anayetumwa upande wa Kaskazi anatumwa pia kuyaelekea majira, na mtu wa pwani anajua bila kuelezwa kuwa kila upepo wa kwenda una upepo wake wa kurudi. Safari inahesabiwa kuwa mviringo.

Mwanafunzi aliyekulia Mvara hana elimu hiyo ya pepo, na mwalimu anayemfundisha maneno haya manne kama msamiati wa kukariri anampa ganda bila kiini. Kwake yeye pande za dunia zina majina ya miji na vituo: kaskazini ni Koboko, kusini ni Nebbi, na upande wa Kongo ni Vurra na soko la Ariwara. Hizi ni pande zenye vumbi, zenye nauli na zenye askari. Wala hakuna upepo unaoahidi kumrudisha aliyekwenda. Huenda ikadhaniwa kwamba kukosa elimu ya bahari ni hasara kwa msomaji wa bara. Kwa kiasi fulani ni hasara kweli. Lakini humwezesha kuona jambo ambalo msomaji wa pwani hupitiliza: katika Kusadikika, kurudi si jambo la kawaida. Kurudi ndilo kosa.

Wajumbe hawafungwi kwa sababu wamekwenda, maana waliagizwa waende. Wanafungwa kwa sababu wamerejea na habari za watu wanaoishi vizuri zaidi. Buruhani na wenzake wangepotelea njiani, Kusadikika ingewaombolezea, pengine kwa heshima. Kosa lao ni kufika langoni wakiwa na mzigo usiotakiwa.

Karani wa forodha

Hapa wasifu wa mwandishi una la kusema, ingawa si desturi nzuri kuutumia kila mara kama ufunguo wa kazi yake. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha wa serikali ya Tanganyika kuanzia mwaka 1926 hadi 1944. Miaka kumi na minane ni muda mrefu wa kuketi kwenye mwisho wa njia za watu wengine. Karani wa forodha haoni safari. Anaona kinachofika, anauliza kimetoka wapi, anakikadiria, kisha anakiruhusu au anakizuia. Njia yote iliyotembewa inabanwa katika tamko la mdomo mbele ya meza.

Muundo wa Kusadikika unafanana na meza hiyo. Safari zote sita hazisimuliwi zikitokea. Zinatolewa barazani kama ushahidi, na anayezitoa ni Karama, mtu ambaye hakwenda popote kati ya pande hizo sita. Barabara zipo kwa sababu mshtakiwa anazitamka, na zina urefu unaotosha hoja yake tu. Kinachoonekana kama upungufu wa mandhari basi ni usahihi wa aina yake: hivi ndivyo barabara inavyoonekana ikitazamwa kutoka ofisi ya serikali.

Tofauti inabainika kazi hii ikiwekwa kando ya masimulizi ya safari ya Kiswahili yaliyoitangulia. Katika Safari za Wasuaheli, mkusanyo uliotolewa na Carl Velten mwaka 1901, na katika maisha ya Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, njia ina mwili. Kuna kambi, kuna maji yaliyopatikana na yaliyokosekana, kuna posho za wapagazi, kuna hongo iliyodaiwa na mtemi fulani. Selim bin Abakari alifika hata Urusi na Siberia, naye akaeleza aliyoyaona njiani. Wasimulizi hao walikuwa wametembea, na walijua kuwa njia hulipiwa. Shaaban Robert alikuwa mrithi wa desturi hiyo kwa lugha, lakini aliipa kisogo kwa umbo. Kuna atakayesema kwamba hayo ni matakwa ya ngano tu, kwamba ngano haihitaji vituo. Jibu hilo halitoshi. Jonathan Swift, katika Gulliver’s Travels ya mwaka 1726, alibuni Laputa, kisiwa kingine kinachoelea, lakini akaeleza jinsi kinavyosogea na jinsi mfalme wake anavyoweza kuwazuilia waasi wa chini jua na mvua. Kwake anga hutumika kuikandamiza ardhi. Shaaban Robert aligeuza mwelekeo: wa angani wanamtuma mjumbe ardhini akajifunze. Mwandishi aliyegeuza jambo kubwa kiasi hicho asingeshindwa kuweka kisima njiani kama angekitaka.

Barabara iliyobadilishiwa serikali

Njia ya Arua kwenda Koboko imebadili serikali bila yenyewe kuhama hata hatua moja. Eneo hili lilikuwa sehemu ya Lado, ardhi ambayo Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alikodishiwa na Waingereza mwaka 1894. Baada ya kifo chake mwaka 1909 lilirudishwa chini ya Sudan, na mwaka 1914 upande wake wa kusini ukaingizwa Uganda. Mzee mmoja angeweza kuzaliwa, kuoa na kuzeeka kando ya njia ileile na kuulizwa maswali na maafisa wa dola tatu. Leo barabara hiyo, kuanzia Vurra hadi Oraba, ni lami ya kilomita 92, na karibu na Koboko, mahali paitwapo Salia Musala, mipaka ya Uganda, Sudan Kusini na Kongo inakutana.

Baada ya kuanguka kwa serikali ya Idi Amin mwaka 1979, na hasa kufuatia mapigano ya mwaka 1980, maelfu kwa maelfu ya watu wa West Nile walikimbilia Sudan na Zaire. Walirejea kwa mafungu katika miaka ya 1980, wengi wao kwa sababu vita vya huko vilikuwa vimewafikia. Baadaye mkondo ukageuka: waliokuwa wenyeji wao wakaja kusini kwa njia ileile, na baada ya mapigano ya Juba ya Julai 2016 wakaja kwa wingi mkubwa. Kila aliyepita alisimama mahali fulani mbele ya mtu mwenye kalamu au bunduki, akaulizwa yeye ni nani na amebeba nini.

Katika sehemu nyingi za Uganda, Kiswahili kilijulikana kwanza kama lugha ya huyo aliyeuliza. Kilikuja na jeshi, kikakaa kambini na kwenye vizuizi vya barabarani, na chuki dhidi yake haikuwa ya kisarufi. Ugumu huu haufutwi na katiba iliyorekebishwa mwaka 2005, wala na uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa Julai 2022 wa kukifanya Kiswahili lugha rasmi. Ndiyo maana Kusadikika inastahili nafasi ya mbele katika madarasa ya Arua na Koboko. Ndani yake Kiswahili ni lugha ya Majivuno anayeshtaki, lakini ni lugha ya Karama pia. Aliyesimamishwa langoni anaitumia kujibu, anajibu kwa ufasaha unaowazidi waliomsimamisha, na wafungwa wanatoka. Mwanafunzi aliyerithi nyumbani hadithi za kizuizini hahitaji kufafanuliwa uzito wa jambo hilo.

Wenyeji wasio na sauti

Pamoja na hayo, usomaji wa kutoka Mvara unafichua pia udhaifu ambao heshima anayopewa Shaaban Robert imeusitiri. Nchi jirani za Kusadikika zipo ili zitoe mafunzo. Mjumbe anafika, anaona sheria njema au desturi njema, anachukua, anaondoka. Ni nadra msomaji kuhisi kwamba wale waliotazamwa nao walikuwa wakimtazama mgeni, wakimpikia, wakihesabu chakula kilichobaki. Karani wa forodha, aliyezoea kuona vitu vikifika, hakuandika juu ya waliovifungasha. Huu si upungufu mdogo katika kitabu kinachojadili haki. Katika West Nile familia iliyokaribishwa Yei katika miaka ya 1980 na familia iliyoikaribisha zimekwisha kubadilishana nafasi, na kilichoziunganisha ni chakula na kipande cha ardhi ya kulima, mambo ambayo Majivuno asingeyahoji kwa kuwa hayakupitia langoni kwake. Msomaji wa Koboko ana haki ya kukirudia kitabu akiuliza swali ambalo baraza la Kusadikika halikuliuliza: nani aliwapa wajumbe maji?