Hesabu ya Wasii

Katika kila programu ya kompyuta mna mambo mengi ambayo mtunzi wake amekwisha kuyaamua kwa niaba ya mtu asiyemjua: rangi ya maandishi, upana wa pambizo, idadi ya amri zitakazohifadhiwa, na muda wa kungoja jibu kabla ya kukata tamaa. Maamuzi hayo, yaani thamani za msingi, hutawala kazi ya mtumiaji kimyakimya mpaka atakapotaka vingine. Na maadamu aghalabu hajui kwamba ana hiari, huenda asitake vingine maisha. Mtunzi, basi, ni mfano wa wasii wa mali ya yatima: madaraka ameyapata bila ya kuulizwa, na juu yake pana deni la kutoa hesabu.

Hesabu njema kuliko nyingi, kwa rai yangu, ni ile ya Vim, programu ya kuhariri maandishi iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Bram Moolenaar. Sura yake ni kavu, na wageni wake husifika kwa kuhangaika hata kutafuta njia ya kutokea; hilo silikanushi. Lakini mtu akiulizia mpangilio wowote katika msaada uliomo ndani ya programu yenyewe, hukuta, kabla ya maelezo yoyote, jina lake kamili, lakabu yake fupi kama unayo, aina ya thamani unayoikubali, thamani yake ya msingi, na mipaka ya utawala wake. Ule uitwao tabstop, unaoamua kituo cha Tab kihesabiwe nafasi ngapi, umeandikwa bayana kwamba hupokea namba, kwamba asili yake ni 8, na kwamba hukumu yake ni ya faili moja moja.

Hivyo ajuaye jina amehudumiwa, je, asiyelijua? Huyo amewekewa amri ya :options, ifunguayo orodha ya mipangilio iliyopangwa kwa mada, kila mmoja na maelezo mafupi na thamani yake ya sasa, hata mtu akakutana na faida ambayo hakuwa na habari ya kuitafuta. Amri ya :set, ikiandikwa peke yake, huonyesha yale tu yaliyoachana na asili. Na :verbose set, ikifuatwa na jina la mpangilio na alama ya kuuliza, huitaja faili iliyoubadilisha mara ya mwisho. Hii ndiyo niipendayo zaidi, kwani nusu ya taabu za mipangilio si kujua thamani ilivyo, bali ni nani aliyeiweka.

Watunzi wa OpenSSH, programu ya kuingilia kompyuta ya mbali kwa usalama, wameshika njia nyingine, ya kuziandika thamani za msingi ndani ya faili ya mipangilio, sshd_config, nyuma ya alama ya #, inayoufanya mstari usihesabiwe. Ni njia nyepesi, lakini faili kuukuu huweza kushuhudia yaliyokwisha kubatilishwa. Kwa hiyo mwenye hadhari huiuliza programu yenyewe kwa sshd -T.

Tukirudi kwenye Vim, Moolenaar alifariki mwaka 2023. Mwaka 1994 alikuwa Kibaale, kusini mwa Uganda, akishughulikia maji na usafi katika kituo cha watoto, na ombi lake la kuwasaidia watoto hao alilitia katika ukurasa wa kwanza wa Vim. Msomaji mwenye programu hiyo na aandike :help iccf, asome.