Lema la Kusi, Lema la Kaskazi

Kusi likishika, wavuvi wengi wa Kisauni wanaofuata nguru na jodari bahari ya nje hupandisha vyombo mchangani. Mawimbi yanayovunjika mwambani kutoka Nyali hadi Shanzu si ya kuchezewa na mtumbwi. Mwenye malema kazi yake haisimami. Anavua bahari ya ndani, kati ya mwamba na ufuo, na kwangu mimi uvuvi wake ndio wenye hesabu nyingi kuliko wote katika pwani hii, kwa sababu lema halimfukuzi samaki, linamngoja. Ukikosea pa kulitega, siku imekwenda.

Lema ni kapu la pembe sita lililosukwa kwa fito na mianzi, mdomo wake ukizidi kuwa mwembamba kadiri unavyoingia ndani, hata samaki aliyekwisha kupita haoni tena njia ya kutokea. Hutiwa mawe likazama. Windo lake kubwa ni tafi, mla mwani, ndiyo maana chambo ni mwani uliochanganywa na konokono wa mikokoni waliopondwa. Lema likipandishwa, mvuvi hampapasi tafi ovyo: miiba 13 ya mgongoni ina sumu, na ikikuchoma mkono utauma kwa saa kadhaa. Humshika kichwani, akaitazama miiba kwanza.

Kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, maji hutulia na kung'aa. Mvuvi huona chini, akachagua pale matumbawe yanapokutana na nyasi za bahari. Tafi hujificha kwenye matumbawe na kula nyasini, kwa hivyo njia yake ipo hapo katikati. Lema huwekwa kando ya tumbawe, si juu yake, maana uzito wa mawe hulivunja, na tumbawe lililovunjika halimfichi samaki mwakani.

Kusi mambo hugeuka. Mvua za masika huleta tope kutoka kwenye vijito vya Tudor na Mtwapa, mchanga hutibuka, na macho hayasaidii tena. Mvuvi hutega kwa kumbukumbu, akipima mahali kwa alama mbili za nchi kavu, labda mnazi na paa la hoteli. Huongeza mawe, kwa sababu lema lililopinduliwa na wimbi halivui kitu. Wakati wa bamvua maji ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hivyo penye maji ya kutosha asubuhi panaweza kuwa pakavu kabla ya adhuhuri.

Lakini jambo linalonisumbua liko kwenye kalenda. Utafiti wa Ntiba na Jaccarini, uliochapishwa mwaka 1990, ulionyesha kwamba tafi wa pwani ya Kenya hutaga katika vipindi viwili: Januari na Februari, kisha Mei na Juni. Kipindi cha kwanza wavuvi wametawanyika, wengi wako nje ya mwamba. Cha pili kinaangukia ndani ya kusi, wakati upepo umewasukuma wote wanaoendelea kuvua kwenye maji yale yale alimo tafi mwenye mayai.

Hapo ndipo ule upenyo wa sentimita 3 hivi unaoachwa ubavuni mwa lema unapoonyesha faida yake. Mbaru na McClanahan waliuchunguza katika pwani ya Kenya na kuandika mwaka 2013 kwamba lema lenye upenyo hupunguza samaki wasiotakiwa, huku ukubwa wa samaki wanaobaki na mapato ya mvuvi vikipanda. Unachuja kwa unene wa mwili: tafi mchanga hupita, samaki bapa wasio na bei hupita, tafi aliyenenepa hubaki. Juya la kukokota, lililopigwa marufuku mwaka 2001, halina uchujaji wa namna hiyo. Hubeba vyote, nyasi pia.

Upenyo haumwokoi mama mwenye mayai, huyo ni mnene. Anachobakiwa nacho ni Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, ambamo uvuvi umekatazwa. Samaki hutoka humo wakaingia maji ya jirani, na wenye malema hutega karibu na mpaka kwa sababu wanalijua hilo. Ningependa vikundi vya usimamizi wa fukwe vya Kisauni vikubaliane kuusogeza mstari huo wa malema mbali na mpaka Mei na Juni tu, kisha vipime uzito wa tafi wanaopatikana Julai.